Mizani ya Kamati: Juu ya Uhakiki wa Makala za Makongamano

Kamati ya wataalamu inayochuja makala za kongamano huaminiwa kama mizani: iliyo nzito hupita, iliyo nyepesi hurudishwa. Imani hiyo imekwisha kupimwa.

Mwaka 2014 wenyeviti wa uhakiki wa NIPS, kongamano la wanasayansi wa kompyuta lililofanyika Montreal, Kanada, waliigawa kamati yao sehemu mbili. Wenyeviti hao, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walizipeleka makala 166 kwa pande zote mbili, kila upande ukihukumu peke yake. Hukumu zilihitilafiana juu ya makala 43, yaani karibu asilimia 26. Na zaidi ya nusu ya makala zilizokubaliwa na upande mmoja zilikataliwa na wa pili. Jaribio liliporudiwa mwaka 2021 kwa makala 882, hitilafu ilikuwa asilimia 23.

Haimaanishi kwamba wataalamu hupiga ramli. Lau kura tupu ingalitumika, hitilafu ya mwaka 2014 ingalikaribia asilimia 35. Hata hivyo, Cortes na Lawrence walipofuatilia baadaye, waligundua kuwa alama za makala zilizokubaliwa hazikuwiana na wingi wa kutajwa kwake na wanazuoni wengine. Kamati, basi, hutambua udhaifu kuliko inavyotambua ubora.

Makongamano ya lugha za Kiafrika yana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari, kwani aghalabu huchagua kwa ikisiri tu, wala si kwa makala kamili. Chukua ikisiri juu ya Chimwiini, lahaja ambayo wasemaji wake wengi walitawanyika kutoka Barawa kufuatia vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991. Mhakiki mmoja ataiona mada kuwa finyu. Mwenzake ataiona hazina inayotoweka. Mtafiti chipukizi akijibiwa “imekataliwa” pasipo maelezo, huenda akauacha utafiti ambao baada ya miaka michache hautawezekana tena.

Hapana budi, kwa hiyo, kila ikisiri isomwe na wahakiki wawili au zaidi, na kila hukumu ifuatane na sababu zilizoandikwa. Ikiwa wahakiki wamehitilafiana, mwandishi aelezwe hivyo. Hukumu yaweza kuwa ya bahati. Sababu zikiandikwa, zaweza kujibiwa, kusahihishwa na kufunza.