Toba katika Al-Inkishafi: Ni Nani Anayesemezwa?

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, umezoeleka kusomwa kama maombolezo ya kuanguka kwa Pate. Uhakiki wa kitabaka uliopata nguvu vyuoni mwetu katika miaka ya 1970 na 1980 una shutuma nzito zaidi juu ya tungo za namna hii: kwamba humfunza mnyonge kungojea Akhera na kumwachia mwenye nguvu dunia yake. Makala haya yanaipinga rai hiyo, ingawa hayaikatai yote.

Tuanze na msemezwa. Mshairi hausemezi umma. Anausemeza moyo wake mwenyewe. Naye si mnyonge: ni sharifu wa Pate, mtu wa tabaka lile lile ambalo nyumba zake sasa zinaning'inia popo, na madaka yake ya sahani yamekuwa viota vya ndege. Mwenye kudaiwa toba hapa, basi, ni mwenye nacho.

Utungo huu ni wa mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Shela vya takriban 1812, Lamu ilipowashinda Pate na washirika wao wa Mombasa. Tungetazamia mshairi amlaumu adui, au atamani mtawala mwenye nguvu zaidi. Hafanyi hivyo. Kwake magofu ni ushahidi kwamba ufalme haukuwa kimbilio hata ulipokuwa umesimama. Kimbilio ni Mungu peke yake.

Hata hivyo, toba hiyo ina ufa. Taa za kioo na za shaba zimesawiriwa kwa mapenzi makubwa. Mshairi anaikana dunia huku mkono wake ungali ukiipapasa. Wengine wataiita hiyo dosari. Mimi naiona ndiyo kweli ya utungo, kwani mtu hatubii asichokipenda. Tena beti za mwisho zimo katika moto wa Jahanamu, na moyo haujajibu. Kasumba hutuliza, utungo huu hautulizi.

Ila wahakiki wale wana haki katika jambo moja. Watumwa waliozitumikia nyumba zile hawana sauti humo. Wamo kama sehemu ya fahari. Je, toba isiyomkumbuka aliyedhulumiwa imetimia? Mshairi hakuliuliza swali hilo. Sisi tunaoufundisha utungo wake hatuna udhuru wa kutoliuliza.