Luther, Kitabu cha Mwanzo na Mifupa ya Rukwa

Mimbarani petu fundisho la mageuko ya viumbe hai hukataliwa kwa hoja mbili: kwamba halina ushahidi, na kwamba Luther mwenyewe alishika siku sita halisi. Hoja zote mbili zastahili kupimwa.

Ya pili ina ukweli. Katika mihadhara juu ya Mwanzo, aliyoianza mwaka 1535, Luther alimpinga Augustino, aliyefundisha kwamba vyote viliumbwa kwa mara moja. Nia yake ilikuwa kulilinda Neno lisiyeyushwe katika mafumbo. Umri wa ulimwengu, usiofika miaka 6,000, aliujumlisha kutokana na vizazi vya Biblia. Zama zile hakuwapo aliyejua kuisoma miamba. Anayeshika hesabu hiyo na kuisahau nia ameshika ganda.

Hoja ya kwanza ni dhaifu. Katika Bonde la Ufa la Rukwa, si mbali na milima ya Ileje, yalipatikana mabaki ya taya na meno ya wanyama wawili: Rukwapithecus, wa ukoo wa sokwe, na Nsungwepithecus, wa ukoo wa nyani na tumbili. Umri wa tabaka zile ulipimwa kwa majivu ya volkano, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba mabaki hayo yana miaka milioni 25 hivi. Ulinganisho wa vinasaba vya wanyama walio hai ulikuwa umekwisha kuashiria kwamba koo hizo zilikuwa zimeachana kufikia wakati huo. Torati yataka mashahidi wawili. Hapa wapo, wala hawakufundishana.

Hata hivyo, anayedai kwamba meno hayo yamemwondoa Muumba amevuka mpaka wa elimu yake. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 humfundisha mtoto kukiri kwamba Mungu amemwumba, ingawa ajua amezaliwa na mama. Ikiwa kuzaliwa hakumwondoi Muumba, taratibu ndefu za vizazi hazimwondoi pia.

Kijana wa Ibaba afundishwaye mageuko shuleni, kisha akaambiwa kanisani achague, ametwikwa mzigo ambao Injili haikumtwika. Swali zito limo kwingine: Warumi 5 yafungamanisha mauti na dhambi ya Adamu, nayo mifupa ya Rukwa ni ya viumbe waliokufa kabla mwanadamu hajakuwapo. Je, Paulo anena juu ya kila kifo, au juu ya mauti ya mwenye dhambi mbele za Mungu? Hapo ndipo panapodai jasho la wanafunzi wetu.