Kopo Lisikae Ndani ya Ngome

Jiokeshi ni mchezo wa kusaka: mtu anaficha kopo lenye daftari la kusaini, anatoa latitudo na longitudo, wengine wanalitafuta kwa GPS. Ulizaliwa Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Kifaa cha mkononi kikaanza kumfikisha mtu mita chache tu kutoka kwenye kitu.

Huko kusini mwa Uingereza, wafichaji hupenda ngome ndogo za zege zilizojengwa mwaka 1940 kando ya mito na mifereji kujikinga na uvamizi wa Wajerumani. Zina giza, pembe na nyufa. Wengi hutumbukiza kopo ndani, na hapo ndipo wanapoharibu. Zege nene huzuia mawimbi ya setilaiti, msakaji anabaki kupapasa, na anayepapasa huishia kuchokonoa matofali. Mbao za kushikilia zege bichi zilikuwa adimu wakati ule, kwa hiyo mafundi wengi walijenga kwanza ukuta wa matofali, kisha wakamimina zege nyuma yake. Ganda hilo likibomolewa, limeondoka na ushahidi wa namna kazi ilivyofanyika.

Wafichaji stadi huigeuza ngome kuwa fumbo, kopo likakaa mbali. Chukua ngome ya Aina ya 24, yenye pande sita, upande wa nyuma ukiwa mrefu kuliko nyingine. Kwa kawaida upande huo una mlango na tundu dogo kulia na kushoto kwake. Pande tano zilizobaki kila mmoja una tundu la bunduki. Jumla saba. Ukimwambia msakaji ahesabu matundu ili apate tarakimu ya mwisho ya latitudo, shabiki wa historia atakujibu akiwa kitandani. Michoro ilitoka jeshini, ila waliojenga walikuwa wakandarasi wa mahali hapo, kila mmoja na vifaa vyake na haraka zake. Basi uliza kisicho kwenye mchoro: safu za matofali juu ya mlango ni ngapi? Tundu lipi limezibwa?

Fumbo ninaloliona bora kuliko yote humsimamisha msakaji kwenye tundu fulani, kando ya ule ukuta wa katikati uliowekwa kuzuia risasi zisidunde huku na huku, achungulie nje na kupima uelekeo kwa dira. Ataona daraja. Jenerali Ironside, aliyeongoza majeshi ya ulinzi wa Uingereza, alitaka vifaru vya Wajerumani vicheleweshwe kwenye maji, na bunduki ililenga pale vitakapolazimika kuvuka. Alan Brooke, aliyempokea Julai 1940, aliona heri vikosi vinavyoweza kusogea upesi. Mistari ile ya ngome za zege ikapoteza umuhimu kabla ya kujaribiwa. Kopo liwe kwenye uelekeo huo wa daraja, kwenye shina la mti, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Popo wakiingia ngomeni kulala majira ya baridi, fumbo lisitishwe hadi watoke. Sheria ya huko inakataza kuwasumbua.