Nyota ya Pembe Nane: Kosa Huonekana Katikati, Lakini Huanzia Pembeni

Nyota ya pembe nane iliyoshonwa vibaya hujulikana kwa kuitazama tu. Katikati pamevimba kama kichuguu, ncha zimemezwa na mshono wa pembeni, na hata uikandamize kwa pasi vipi, kitambaa hakilali. Wengi hulaumu mshono wa mwisho, ule unaokutanisha vipande vyote nane. Mimi nasema mshono huo hauna hatia. Makosa ya nyota hii hufanyika mapema, wakati wa kukata na kwenye kona za nje; katikati huja kujumlishwa tu.

Nyota hii ni miongoni mwa bloku kongwe za mifarishi ya viraka nchini Marekani. Bloku ni mraba mmoja wa viraka unaorudiwa hadi mfarishi ukamilike. Washonaji wa huko huiita LeMoyne Star, na kwa simulizi zao jina hilo linatokana na ndugu wa ukoo wa Le Moyne, akiwamo Bienville aliyeanzisha mji wa New Orleans mwaka 1718. Wanawake wa Kilakota, wenyeji asilia wa huko, nao hushona nyota kubwa ya pembe nane kwa rombasi ndogo nyingi, na mfarishi huo hutolewa kama zawadi ya heshima, kwenye misiba na kwenye sherehe. Hapa tuichambue ile ya kawaida yenye vipande 16: rombasi nane, miraba minne ya kona na pembetatu nne za kando.

Tuanze na vipimo. Tuseme bloku ikiisha iwe na upande wa sentimita 30. Washonaji wa zamani hawakuhitaji hesabu ndefu. Walichora mraba kwenye karatasi, wakakunja ili kupata kitovu, wakafungua bikari kutoka kona hadi kitovu, kisha kutoka kila kona wakakata alama kwenye pande mbili zinazoigusa. Alama hizo nane ndizo ncha za nyota. Kila moja huangukia sentimita 8.8 kutoka kona iliyo jirani, na hicho ndicho kipimo cha kila upande wa rombasi na wa mraba wa kona. Ukitaka kuhakikisha, jumlisha upande mmoja wa bloku: 8.8 za mraba, 12.4 za upande mrefu wa pembetatu, na 8.8 nyingine. Jumla ni 30.

Kwa ziada ya mshono ya milimita 6, miraba ya kona hukatwa kwa sentimita 10. Pembetatu zote nne hutoka kwenye mraba mmoja wa sentimita 15.3 uliokatwa kwa mishazari yote miwili, ili ukingo utakaokaa nje ya bloku ufuate nyuzi na usivutike. Rombasi hutoka kwenye ukanda wenye upana wa sentimita 7.4, unaokatwa kwa pembe ya digrii 45 kila baada ya sentimita 7.4, ukipima kwa kukingama na mkato.

Kwenye rombasi ndipo penye mtego wa kwanza. Pande mbili za kila rombasi hufuata mtande au mshindio, kwa hiyo zimetulia. Pande mbili nyingine ni za mshazari, nazo huvutika hata kwa kushikwa tu. Ukikata ukanda ukiwa umekunjwa, nusu ya rombasi hutoka zimegeuka, na utajikuta umeshona mshazari kwa mshazari. Kata ukanda ukiwa wazi, upande mzuri juu. Hapo kila mshono utaunganisha upande uliotulia na ule wa mshazari, na uliotulia utamzuia mwenzake. Unaposhona, ule wa mshazari uweke chini, upande wa meno ya cherehani. Kutia kitambaa wanga na kukipiga pasi kabla ya kukata nako husaidia sana.

Mtego wa pili ni mshono unaokwenda upogo. Ziada ikipanuka kwa milimita moja tu kutoka kitovuni hadi nje, kila rombasi inayoguswa na mshono huo hupoteza zaidi ya nusu digrii. Mishono ni minane, na kila mmoja hugusa rombasi mbili, hivyo nyota nzima hupungukiwa na digrii kama 10. Duara lisilofika 360 haliwezi kulala. Ndiyo maana katikati huvimba. Ziada ikisinyaa kuelekea nje, hesabu huzidi na kingo hujikunja mawimbi.

Mtego wa tatu, ambao ndio mkubwa, ni kutojua pa kuishia. Kata kiolezo cha kadi, kitoboe pale mistari ya mshono inapokutana, kisha tia nukta za penseli nyuma ya kila kipande. Rombasi hushonwa kutoka nukta hadi nukta, si kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye nukta ya nje rudisha cherehani nyuma hatua mbili, ukate uzi. Kisha chukua mraba wa kona. Choma pini kwenye nukta yake na itokee kwenye nukta ya bonde la nyota, yaani pembe ya ndani kati ya rombasi mbili. Sukuma kando ziada za rombasi, anzia kwenye nukta hiyo na shona kwenda nje. Inua mguu wa cherehani, geuza kazi, rudi kwenye nukta ileile na ushone upande wa pili. Ukipitiliza hatua moja tu ya sindano, utashika ziada ya jirani na bonde litafanya kikunjo ambacho hakuna pasi inayokiondoa.

Kagua kazi kila unapopiga hatua. Rombasi mbili lazima zifanye kona mraba. Pima kwa kona ya daftari. Nne lazima zifanye mstari ulionyooka, weka rula. Nusu hizo mbili zikinyooka, mshono wa katikati hauna shida: pini moja ipite kwenye makutano yote mawili, kisha ziada zote zilazwe kuelekea upande mmoja ili unene usirundikane kitovuni. Bloku nzima kabla ya kuungwa na nyingine iwe na sentimita 31.2, na kila ncha ikae milimita 6 ndani ya ukingo. Isipokuwa hivyo, mshono unaofuata utaikata.

Zipo njia za mkato zinazogawa vipande kwa mishono ya ziada ili kukwepa kona hizi. Zinafaa kazi ya haraka, lakini huongeza mistari isiyokuwamo kwenye nyota. Anayetaka nyota halisi ajifunze kusimama kwenye nukta. Na kipimo cha mwisho ni rahisi: nyota ikilala mezani yenyewe kabla ya pasi, imeshonwa sawasawa; ikingoja pasi ndipo ilale, fumua.