Fundi Asiyekisia

Fundi mzuri wa intaneti utamtambua kwa maswali yake, kabla hajafungua begi la vifaa. "Imekatika kabisa au inasuasua? Ni simu zote au hiyo moja tu? Ilianza lini, na kuna kitu mlihamisha siku hiyo?" Mwenye nyumba, aliyekwisha kukereka, huona muda unapotea. Kumbe kazi imeshaanza. Televisheni ikiwa inaonyesha filamu kwa Wi-Fi ileile ambayo simu ya mtoto haipati kitu, basi faiba, ruta na kampuni vimeshaondolewa kwenye tuhuma kwa jibu moja. Kilichobaki ni simu.

Ufundi huu nauheshimu sana, na naona hatuupi sifa unazostahili. Tunamsifu fundi kwa wepesi wa mkono, lakini kwenye kazi hii kinachotangulia ni akili iliyokataa kukisia. Kutoka kwenye simu yako hadi kwenye ukurasa unaousoma, njia ni ndefu: mawimbi ya Wi-Fi yanayopenya kuta, ruta, kisanduku cha faiba, waya wa kioo unaotoka nje hadi kwenye nguzo, mitambo ya kampuni, kisha bahari. Hitilafu inaweza kujificha popote humo. Sisi tusio mafundi hukimbilia mambo mawili: kuilaumu kampuni, au kuzima ruta na kuiwasha upya.

Kuzima na kuwasha kuna faida yake, maana ruta iliyoelemewa huanza upya na mara nyingi mambo hutengemaa. Ila fundi makini hagusi swichi kabla ya kutazama taa. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili za ruta ni taa zake: ipi inawaka, ipi inapepesa, ipi imekuwa nyekundu. Ukizima kwa pupa unafuta ushahidi, na shida ikirudi kesho unakuwa hujajua lolote zaidi ya ulilojua leo.

Baada ya taa hufuata vipimo. Mwezi Desemba 1983, Mmarekani Mike Muuss aliandika programu fupi iitwayo ping. Inatuma ujumbe mdogo kwenye anwani fulani, inasubiri jibu, kisha inaonyesha jibu limechukua muda gani. Mpaka leo ndicho chombo cha kwanza mkononi mwa fundi. Huanza karibu, kwa anwani ya ruta yenyewe, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Majibu yakirudi yote, tena upesi, njia ya hadi kwenye ruta iko salama. Kisha huvuka hadi anwani ya nje, mathalani 8.8.8.8. Huko nako kukijibu ilhali kurasa hazifunguki kwa majina yake, basi waya hauna kosa. Kilicholala ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwa hatua chache tu, njia ya maelfu ya kilomita imepunguzwa ikabaki kipande kimoja cha kushughulikia.

Niliwahi kumtazama fundi akiifanya kazi hiyo katika nyumba moja ya ghorofa Dar es Salaam. Taa iliyoandikwa LOS ilikuwa nyekundu, ikipepesa: mwanga haufiki vizuri. Alichomoa kiungio cha kijani, akakichomeka kwenye kipimo cha mwanga. Kikasoma hasi 29 dBm, wakati vifaa vingi vya nyumbani huanza kushindwa chini ya hasi 27. Akaufuata waya kwa vidole hadi nyuma ya kabati, akakuta umebanwa na kukunjwa kona kali. Kioo kikikunjwa hivyo, mwanga huvuja. Akaulegeza, akapima tena: hasi 25. Wengi wangefunga begi hapo. Yeye akafuta ncha ya kiungio kwa kitambaa maalumu kisichoacha nyuzi, akapima mara ya tatu: hasi 20. Njia ya mwanga ndani ya waya ule ina upana wa takriban mikroni 9, yaani sehemu 9 za elfu za milimita, kwa hiyo chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuiziba. Na wakati wote huo hakuielekeza ncha usoni, kwa kuwa mwanga wa faiba hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Kilichonivutia ni utaratibu wake: jambo moja, kipimo, jambo jingine, kipimo. Angenyoosha na kusafisha kwa pamoja, intaneti ingerudi vilevile, lakini asingejua kilichoiponya. Fundi wa kukisia humuuzia mtu ruta mpya kwa kosa la vumbi.

Utaratibu huo pia humpa fundi ujasiri wa kusema kweli. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo ruta inajibu, mwanga uko sawa, na bado kurasa za ng'ambo hazifunguki. Aliyepima huweza kumwambia mteja, "Mama, hapa kwako hakuna kosa, tusubiri," akaondoka bila kuuza kitu.

Fundi yule wa ghorofani, kabla ya kuaga, aliandika kipimo cha mwisho na tarehe kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika kwenye kisanduku. Atakayekuja baada yake ataanzia alipoishia yeye, hata kama hawatakutana kamwe. Kila nyumba yenye faiba ingestahili kuwa na karatasi hiyo, na kila kijana anayejifunza kazi hii angefundishwa kuiandika kabla ya kufundishwa kuunganisha nyaya. Ujuzi usioandikwa huondoka na mwenyewe, na nyumba hurudi kwenye kukisia.