Mwandishi Alipotutembelea

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii niliiandika kwa chaki za rangi tatu juu ya ubao wa darasa la saba, asubuhi moja ya mwaka 1998, katika shule ya msingi ya serikali huko Kilifi nilikokuwa nikifundisha Kiswahili. Mgeni tuliyemngojea alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Nimekwisha kustaafu sasa, na katika miaka iliyofuata nimeshuhudia ziara nyingi za namna ile. Kwa hiyo nataka kuuliza katika makala haya jambo ambalo siku ile halikunijia: je, ni kweli mwenyeji hupona? Na akipona, hupona maradhi gani?

Kwanza nieleze tulivyolelewa sisi. Vitabu tulivyosomeshwa utotoni vilikuwa Hekaya za Abunuwasi, Alfu Lela Ulela, na Kisiwa chenye Hazina kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Wenye hadithi hizo ama walikuwa wamekufa zamani ama hawakuwa na majina kabisa. Nilipofika kwa Shaaban Robert, tulipopewa Adili na Nduguze, mwalimu wetu alitwambia kuwa mwenyewe alifariki mwaka 1962. Kumbe mtu huyo aliishi Tanga, mahali ambapo nusu ya mtaa wetu ulikuwa na jamaa, na ambapo mjomba wangu alikuwa akienda na kurudi! Hata hivyo sikushangaa. Nilikwisha kuamini kuwa mwandishi ni marehemu, kama vile mfalme ni mtu wa hadithini. Nikakua na imani hiyo, nikawa mwalimu nayo, na nadhani niliwarithisha wanafunzi wangu bila kutamka neno.

Ushahidi ninao. Mgeni wetu alipowasili kwa matatu kutoka Mombasa, jasho likimtiririka na mkoba wa turubai begani, mvulana mmoja aliyekuwa amekumbatia kitabu alimwendea akamwuliza kwa adabu, "Shikamoo. Mwandishi wa hiki alikufa mwaka gani?" Mgeni akacheka hata akakaa chini. Tulicheka sote, nami nilicheka zaidi ili kuficha aibu.

Faida ya kwanza ya ziara, basi, ni hii: mtoto huona kuwa vitabu huandikwa na watu wanaotokwa jasho. Si faida ndogo. Lakini faida hii huisha kwa dakika tano. Baada ya kumwona mtu, kumgusa mkono na kupata sahihi yake kwenye daftari, mtoto amepata nini cha kumfanya aandike? Hapa ndipo ziara nyingi zinapoharibika.

Nimeona ziara zilizoandaliwa kwa mbwembwe. Gari huja na vipaza sauti, hema huwambwa, watoto hukatizwa masomo wiki nzima wakifanya mazoezi ya ngoma. Wakubwa wa elimu huhutubu mmoja baada ya mwingine. Mwandishi hupewa dakika kumi za mwisho, jua likiwa utosini, naye huwaambia watoto wasome kwa bidii ili nao siku moja wawe kama yeye. Kisha vitabu huuzwa, na mtoto asiye na pesa husimama pembeni akitazama jalada mikononi mwa mwenzake. Sina ugomvi na mtu kuuza kitabu chake, kwani mwandishi naye hula. Ninalolalamikia ni kuwa mtoto hufundishwa kumstahi mwandishi, na kustahi si kuandika. Mara nyingine heshima ikizidi huwa ukuta.

Mgeni wetu wa mwaka 1998 hakufanya hivyo. Alikaa kwenye kiti chini ya mwembe, akafungua mkoba, akatoa bunda la karatasi zilizofungwa kwa uzi. Zilikuwa kurasa za hadithi ileile waliyokuwa nayo watoto mikononi, lakini katika hali yake ya kwanza, zimeandikwa kwa mkono. Akazipitisha. Msomaji, laiti ungaliziona kurasa zile! Mistari mizima ilikuwa imefutwa. Pembeni kulikuwa na mishale, alama za kuuliza, na mahali pamoja alikuwa amejiandikia mwenyewe neno "uongo". Jina la shujaa lilibadilishwa mara tatu. Watoto walizipokea kama watu wanaooneshwa siri ya nyumba. Msichana mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nani alimsahihisha?" Nikamjibu kuwa alijisahihisha mwenyewe. Akanitazama, kisha akautazama mfuko wa shati langu, ilimokuwamo kalamu yangu nyekundu.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu namna ya kumfundisha mtoto kuandika, lakini sijaona somo lililoshinda lile. Katika shule zetu kosa lilikuwa mali ya mwanafunzi, na kalamu nyekundu ilikuwa mali ya mwalimu. Mtoto hakuwahi kumwona mtu mzima akikosea juu ya karatasi na kurudia bila kuchapwa. Kitabu kilichochapishwa nacho humdanganya, maana humwonesha nyumba iliyokwisha kupakwa chokaa, asione udongo wala fito. Kurasa chafu za mgeni wetu zilimpa kila mtoto ruhusa ya kuanza vibaya.

Tena hakuishia hapo. Aliwapa nusu saa, kila mmoja aandike jambo alilolijua yeye kuliko mtu mwingine yeyote pale uwanjani. Yule msichana wa kalamu nyekundu aliandika habari za mama yake, aliyekuwa akiponda kokoto kando ya barabara na kuziuza kwa debe. Sikumbuki maneno yake yote. Nakumbuka kuwa alieleza jinsi mama alivyojipiga nyundo kidoleni, asilie, ila akahesabu madebe kwa sauti kubwa zaidi. Mgeni aliisoma mbele ya wote. Hakuna aliyepiga makofi. Walinyamaza, kwa sababu nusu yao mama zao walikuwa palepale kwenye kokoto. Mgeni akamrudishia daftari na kumwambia maneno mawili tu: "Endelea, binti."

Binti akaendelea. Muhula ule alijaza daftari zima. Nami nilifurahi, mpaka ulipofika mtihani wa majaribio.

Hapa sina budi kueleza jambo kwa wasomaji wa nje ya Kenya. Chini ya mfumo wa 8-4-4, tangu mwaka 1985, mtoto alimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, na ndani yake kulikuwa na karatasi ya insha ya dakika 40 na alama 40. Sisi walimu tuliigeuza insha ile kuwa aina ya upishi. Tulikuwa na viungo vyetu. Mtoto alikaririshwa mwanzo mmoja wa kutumia popote: majogoo yawike, ndege watumbuize, mhusika arauke alfajiri na mapema. Njiani awe hoi bin taabani. Mwishoni apate furaha isiyo kifani, na methali ifunge mlango. Iwe insha ni ya harusi au ya ajali, majogoo yaliwika tu. Nilikuwa hodari wa upishi huo. Shule jirani ziliazima madaftari yangu ya tamathali.

Katika mtihani wa majaribio binti aliandika kama alivyoandika chini ya mwembe, kwa sentensi fupi, bila jogoo hata mmoja. Msahihishaji wa shule nyingine alimpa alama 19. Nikamwita ofisini. Nakumbuka nilivyosema, kwa sababu nilijiona mwenye hekima: "Mwanangu, hadithi ya mama yako ni nzuri. Iweke kabatini mpaka mtihani upite." Akaitikia, "Haya, mwalimu." Akakariri majogoo. Akafaulu vizuri, akaitwa shule ya sekondari ya bweni, nasi tukapiga vigelegele.

Nilikutana naye Mombasa miaka kumi na tano baadaye, kwenye foleni ya kivuko cha Likoni. Amekuwa muuguzi. Tulipokwisha kujuliana hali nikamwuliza kama bado anaandika. Akacheka bila kinyongo, akasema, "Mwalimu, uliniambia niweke kabatini mpaka mtihani upite. Ulipopita ule, ukaja mwingine."

Sijapata kuhukumiwa kwa upole kama ule. Nikamwuliza kama mama yake aliwahi kuisikia hadithi ile. Akasema, "Nilimsomea usiku uleule. Alisema kidole kilikuwa cha mkono wa kushoto, si wa kulia, nikarekebisha." Kivuko kikafika, tukaagana.

Tangu siku ile nimebadili jinsi ninavyozipima ziara za waandishi. Watu huuliza kama mgeni alipendeza na watoto wangapi walihudhuria. Mimi nauliza nini kilibaki Jumatatu. Mgeni ni mvua ya siku moja, lakini shamba ni la mwalimu. Mwandishi akimwambia mtoto asema la moyoni mwake, na keshoye shule ikamwadhibu kwa kulisema, basi tumemfanyia ukatili kuliko kama tusingemwalika mgeni kabisa.

Kuna mfano mmoja maarufu wa mwandishi kukutana na chipukizi, nao hunukuliwa vibaya. Mwaka 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, Kampala. Mwanafunzi wa chuo hicho, aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi, alimpa Chinua Achebe mswada wa riwaya yake. Mwaka 1964 riwaya hiyo, Weep Not, Child, ikatoka katika mfululizo wa vitabu ambao Achebe alikuwa mhariri wake, na aliyeiandika ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o tuliyempoteza mwaka 2025. Husemwa kuwa kumwona Achebe ndiko kulikomtia hamasa. Siafiki. Ngũgĩ alikwisha kuandika kabla mgeni hajafika. Mswada ulikuwa tayari mkononi. Alichokifanya Achebe ni kazi isiyo na mbwembwe: aliusoma, akausogeza mbele mpaka kwa wachapishaji. Makerere pia haikumwambia kijana yule auweke kabatini. Mgeni alisoma na nyumbani hapakuzuia, ndipo mwenyeji akapona.

Kwa hiyo, kama ningalikuwa bado na darasa, ningalimwalika mwandishi, lakini kwa masharti. Watoto wawe wamekisoma kitabu chake kabla, hata ikiwa nakala ni moja na inasomwa kwa sauti. Yeye aje na kurasa zake chafu. Hotuba ziwe fupi, na saa yake iwe ndefu. Alipwe nauli na ujira, kama inavyofanyika Uingereza na kwingineko, maana soda na kuku wa kuchemsha si malipo ya kazi. Asome walichoandika watoto, hata wawili tu. Na mwalimu aketi naye aandike, watoto wamwone akifuta.

Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Siku ile ya 1998 mgeni alinipa karatasi pia. Niliishika, nikazunguka nayo kati ya watoto kama msimamizi wa mtihani, nikairudisha nyeupe.

KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya unasema mengi mema juu ya ubunifu wa mtoto. Naombea yawe kweli. Lakini mitihani hubadilishwa jina upesi kuliko walimu wanavyobadilika tabia, na juzi tu nimemsikia mjukuu wangu akikariri barazani. Majogoo yalikuwa yakiwika. Nilimwita, nikamwuliza kama amewahi kumsikia jogoo akiwika hapa mtaani kwetu. Akafikiri, akasema, "Hapana, babu. Huwa nasikia matatu." Nikamwambia aandike hiyo. Kisha nikachukua karatasi nami nikaketi karibu naye, na makala haya ndiyo niliyoyaanza jioni ile. Nimeyafuta mara nyingi.