Pongezi kwa Wapimaji wa Mtiririko wa Damu
Natta, mkoani Mara, iko mbali na Bugando, Mwanza, lakini ugonjwa wa selimundu hauulizi umbali. Kanda ya Ziwa inaujua vizuri. Hospitalini Bugando wataalamu hutumia ultrasaundi ya Doppler kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo ya watoto wenye ugonjwa huo. Kasi hiyo ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa, na dawa ya haidroksiyurea husaidia kuishusha kasi hiyo. Atasema mtu kwamba mashine ndiyo inayopima. Sikubali. Anayetaka kiasi cha damu inayopita huzidisha kasi ya wastani kwa eneo la mshipa. Akikadiria kipenyo kuwa kikubwa kuliko kilivyo kwa asilimia 10 tu, jibu hupanda kwa asilimia 21, na pembe kati ya mawimbi ya Doppler na mtiririko wa damu ikipita digrii 60 kosa huongezeka haraka. Hayo huamuliwa na mkono uliofunzwa. Hospitali za Mara nazo zipewe wapimaji hao.